Kibati kinachomsemea baba

Baba yangu ana miaka 71, na tangu mwaka juzi hatoki nje ya mji wa Tabora bila kibati chake shingoni. Ni kipande cha chuma kisichoshika kutu, ukubwa wake kama nusu ya kiberiti, kinaning'inia kwenye mnyororo mwembamba juu ya kanzu. Upande mmoja kimechongwa maneno kwamba ana kisukari na anachoma sindano za insulini. Upande wa pili kuna jina lake na namba mbili za simu, yangu na ya kaka yangu. Watoto wa mtaani kwetu Ng'ambo wanakiita "medali ya babu", naye hucheka. Lakini kabla hajakubali kukivaa tulibishana karibu miezi mitatu.

Nimeona nikiandike hapa kwa sababu familia nyingi zina mtu wa namna ya baba. Anaumwa ugonjwa ambao siku nyingi hauonekani. Anatembea, anasalimia watu, anakwenda shambani, halafu siku moja mwili unamgeuka katikati ya watu wasiomjua. Yuko mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka ghafla. Yuko mwenye kifafa. Yuko mwanafunzi wa bweni mwenye selimundu. Yuko mtu ambaye akipewa dawa ya salfa ngozi inambabuka kama aliyeungua moto. Wote hawa wanafanana kwa jambo moja: saa wanapohitaji kujieleza ndiyo saa ulimi umefungwa.

Sisi wa Tabora ni watoto wa safari. Mji wetu, ambao zamani wageni waliuita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo walikuja hapa, kisha njia ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh Novemba. Miezi yote hiyo ni ya kutembea kwa miguu, na mizigo ilikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Mtu aliyeugua katika safari ya namna ile aliugua mbele ya watu waliokula naye chungu kimoja kwa wiki nyingi. Wenzake wa kambi walijua nani homa humrudia kila mara, nani kifua kinambana, nani huanguka na kutetemeka. Na akiachwa nyuma katika nchi ya watu, palikuwa na utani. Mnyamwezi aliyefika Uzaramo alikuwa na watani wake huko, na utani haukuwa wa kutaniana tu kama tunavyoufanya siku hizi harusini. Mtani alikuwa na wajibu wa kukupokea ukiwa mgeni, na ukipata msiba alikuwa wa kwanza kushika kazi. Kwa maneno mengine, wazee wetu walishajiuliza swali hili: nikidondoka mbali na kwetu, nani atanijua? Wakalitafutia jibu.

Leo basi la kutoka Dar es Salaam linafika Tabora siku hiyo hiyo. Linapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, halafu linaingia katika lile pori refu ambalo watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali kwa jinsi lilivyowatesa kwa kiu. Sasa ni lami, na tunashukuru. Lakini jirani yako kwenye kiti hakujui jina, na kondakta anajua namba ya kiti chako basi. Tumefupisha safari, na katika kuifupisha tumepoteza wale watu waliojua tunaumwa nini.

Katika pori hilo ndiko baba alikopatwa na mkasa wake. Alikuwa anarudi kutoka Dar es Salaam kwenye arusi ya mpwa wake. Alfajiri alichoma sindano kama kawaida, akanywa chai na kipande cha mkate, akipanga kula chakula cha mchana njiani. Basi likaharibika mbele ya Itigi. Saa moja ikawa mbili, mbili ikawa nne. Chakula alichofungashiwa kilikuwa kwenye begi chini ya buti, na buti lilikuwa limefungwa.

Mwenye kuchoma insulini akichelewa kula, sukari kwenye damu inashuka, na ubongo ndio wa kwanza kulalamika kwa sababu chakula chake ni hiyo sukari. Mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unamwenda mbio. Kisha maneno yanaanza kumpotea. Anayumba. Anakuwa mkali bila sababu. Asipopata kitu kitamu kwa haraka anaweza kuzimia, kupata degedege, hata kufa. Hali hii haiwapati wanaochoma insulini peke yao. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, navyo vinaweza kuileta mtu asipokula.

Sasa mtazame mtu huyo kwa macho ya abiria mwenzake: anayumba, maneno hayaeleweki, anafoka. Ni mlevi. Ndivyo walivyosema. Baba, ambaye hajaonja pombe maisha yake yote na ambaye Ijumaa huwa msikitini kabla ya adhana, aliambiwa aende akalale viti vya nyuma asisumbue watoto. Alipokataa, kwa kuwa hakuwa akielewa anachoambiwa, walimtoa nje wakamkalisha chini ya mti "apate upepo".

Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuja kutoka kijijini na birika la chai kuwauzia abiria waliokwama. Alimgusa baba mkono, akakuta jasho ni baridi kama maji ya mtungi. Mume wake alikuwa na kisukari. Akamimina chai, akatia sukari vijiko vinne, akamshikia kikombe mdomoni kidogo kidogo kwa kuwa bado alikuwa anaweza kumeza. Baada ya kama robo saa baba aliuliza, "Hapa ni wapi?" Mama yule akampa na chapati mbili, na hakutaka hela.

Huo ndio ukweli unaoniuma hadi leo. Uhai wa baba ulitegemea kwamba muuza chai aliyefika pale alikuwa ameolewa na mgonjwa wa kisukari. Angefika muuza karanga ambaye hajawahi kuona hali ile, mimi ningekuwa naandika habari nyingine.

Baba mwenyewe kilichomuuma zaidi ni kile kingine. Aliporudi nyumbani alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, wameniita mlevi mbele ya watoto." Kufa alikuwa ameshakutafakari kwa umri wake, lakini hakutegemea kufa akiwa amevuliwa heshima yake. Nadhani hapo ndipo wengi tunapokosea kufikiri juu ya vitambulisho hivi vya afya. Tunaviona kama jambo la hospitali, kumbe vinalinda pia jina la mtu.

Kitu chenyewe si kipya duniani. Mwaka 1953 huko Turlock, California, binti wa daktari Marion Collins alijikata, akachomwa sindano ya kukinga pepopunda, ile ya zamani, na mwili wake ukaikataa kiasi cha kukaribia kufa. Alipofika umri wa kwenda chuo mbali na nyumbani, wazazi wake walipata hofu ambayo mzazi yeyote anayempeleka mtoto bweni ataielewa: akiumia huko, nani atawaambia wasimchome sindano ile? Wakamtengenezea bangili ya fedha iliyochongwa maneno ya onyo. Kutoka bangili hiyo ya mtoto mmoja, mwaka 1956 walianzisha shirika la MedicAlert, na utaratibu huo ukasambaa nchi nyingi.

Nilipomwonyesha baba picha ya bangili za namna hiyo kwenye simu, alizikataa moja baada ya nyingine. "Bangili ni pambo la wanawake." Nikamwonyesha mkufu. "Nivae hirizi uzeeni? Watu wa msikitini wataniuliza nimekwenda kwa mganga gani." Halafu akaona ile alama inayochorwa juu yake, fimbo iliyozungukwa na nyoka, ambayo duniani ni alama ya tiba. "Na hilo joka je? Hapa kwetu watasema nimejiunga na Bayeye." Kwa msomaji asiye wa huku, Bayeye ni wale wacheza ngoma wanaocheza na nyoka na wanaojua dawa za sumu yake. Nilicheka, lakini baba alikuwa na hoja. Alama ambayo daktari anaisoma kuwa ni tiba, mtu wa kijijini kwetu anaweza kuisoma kuwa ni uganga.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Alimkumbusha kitu ambacho wanawake wote wa nchi hii wanakijua: kadi ya kliniki. Mama mjamzito hasafiri bila kadi yake. Inaonyesha ujauzito una umri gani, kundi la damu, mimba zilizotangulia, na kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji. Uchungu ukimkuta njiani akashindwa kusema, kadi inasema. "Mimi nimebeba watoto watano, na kila mmoja nilibeba na kadi yake," mama alimwambia. "Hukuniambia ni hirizi." Baba akakosa jibu.

Tukakubaliana kitu kitakachokuwa chake. Si bangili, si cha fedha wala dhahabu, hakina nyoka. Sokoni kuna fundi anayechonga majina kwenye vikombe vya zawadi na vibao vya milangoni. Alitukatia kipande cha chuma, akakipiga msasa pembe zisichane nguo, akauliza tunataka kuandika nini. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kibati ni kidogo na maradhi ya baba ni mengi. Ana kisukari, ana presha, goti lilifanyiwa upasuaji, jicho moja lina mtoto wa jicho.

Tulijiuliza swali moja tu: katika saa ya kwanza, kabla hajafika kwa daktari, ni neno gani litabadilisha anachofanyiwa? Goti likatoka. Jicho likatoka. Hata presha ikatoka, kwa sababu hospitali wataipima wenyewe. Ikabaki hivi: NINA KISUKARI. NACHOMA INSULINI. NIKICHANGANYIKIWA NIPE SODA AU CHAI YA SUKARI. NIKIZIMIA USININYWESHE, NIWAHISHE HOSPITALI. Nyuma yake jina na simu mbili, kwa kuwa mtandao mmoja ukikosekana porini, mwingine unaweza kushika.

Ile amri ya "usininyweshe" ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu aliyezimia ukimtia soda mdomoni itaingia kwenye mapafu. Huyo analazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Aliye macho na anayeweza kumeza ndiye wa kupewa: nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Na kwa asali, Tabora hatuna kisingizio. Baba sasa anabeba kichupa cha asali ya Sikonge mfukoni mwa kanzu, si kwenye begi la kwenye buti.

Tuliandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Vibati vinavyouzwa mtandaoni huwa vya Kiingereza, kana kwamba msomaji wa kwanza ni daktari. Kwetu msomaji wa kwanza ni kondakta, mama ntilie, au kijana wa bodaboda. Daktari atakuja kukisoma baadaye, na Kiswahili anakijua.

Nikataka kujua kama kweli wataangalia. Nilikwenda kijiwe cha bodaboda karibu na nyumbani nikawauliza vijana: mtu akianguka barabarani humjui, unaanza wapi? Mmoja akajibu bila kufikiri, "Simu, mama. Nampigia wa mwisho aliyeongea naye." Mwingine akadakia, "Siku hizi simu zina namba za siri, huwezi kufungua." Hakuna hata mmoja aliyetaja shingo au mkono. Ni kweli kwamba simu nyingi za kisasa zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka bila namba ya siri, na inafaa kuijaza. Lakini chaji huisha, na mtu akianguka kwenye msongamano, simu ndiyo ya kwanza kuondoka na mkono wa mtu.

Jibu la vijana wale lilinifundisha nusu ya pili ya jambo hili, nayo haihusu kibati bali msomaji wake. Nje kidogo ya mji wetu, Kwihara, kuna nyumba ambayo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley Ujiji. Alifariki mwaka uliofuata mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaubeba mwili. Oktoba 1873 walipita nao hapa Unyanyembe, Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Ulipofika London ulikuwa umeshakauka, uso hautambuliki. Walimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma na kuunga vibaya. Mfupa ulisema kwa sababu aliyeukagua, daktari Fergusson, alijua habari za simba yule na alijua pa kutazama. Asingejua, ungebaki mfupa tu.

Kwa hiyo tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu, na wewe msomaji nakuambia: ukimkuta mtu ameanguka, tazama shingo, tazama vifundo vya mikono, kisha mfukoni kama kuna kadi. Ni sekunde chache. Vijana wa kijiwe chetu sasa wanalijua hilo. Baba naye amebadili: zamani alificha kibati ndani ya kanzu, sasa akipanda basi anakitoa nje na kumwonyesha kondakta kabla safari haijaanza. Anasema ni sawa na kujitambulisha kwa mwenyeji.

Najua wapo watakaosita, na wana sababu. Si kila ugonjwa mtu anataka usomwe na basi zima. Mwenye kifafa anajua jinsi watu wanavyomkimbia, wakidhani povu la mdomoni linaambukiza. Huyo si lazima avae tangazo. Anaweza kuvaa kibati kinachosema tu "TAZAMA KADI KWENYE POCHI", na kadi ikaeleza: nina kifafa, hakiambukizi, nilaze ubavu, usinitie kijiko mdomoni, ikizidi dakika tano nipeleke hospitali. Siri ni ya mwenye mwili, na yeye ndiye anayeamua ni kiasi gani anaiazima kwa mgeni ili apone.

Wengine hawana cha kuficha ila hawajafikiria. Mwenye mzio wa salfa aandike, kwa maana dawa zenye salfa zimejaa katika tiba zetu, kuanzia Septrini hadi vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito kukinga malaria. Mrina asali ambaye aliwahi kuumwa na nyuki koo likavimba aandike, maana siku ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi, na anachohitaji ni sindano ya adrenalini haraka. Wazazi wa watoto wenye selimundu wawaandikie, hasa wanaowapeleka bweni. Mji huu wenye Tabora Wavulana, Tabora Wasichana na Milambo umepokea watoto wa mbali kwa vizazi vingi. Mtoto anayelia mifupa usiku anaweza kudhaniwa anakwepa zamu ya asubuhi, kama aliyeko zamu hajui kilichomo kwenye damu yake.

Gharama si kubwa. Kibati cha baba kilitugharimu shilingi elfu nane pamoja na mnyororo. Asiyeweza hiyo anaweza kuandika kwenye karatasi ngumu, akaipeleka kwa wenye mashine ya kupaka nailoni, akaitoboa na kupitisha kamba. Muhimu maandishi yawe makubwa, yawe sahihi, na namba za simu ziwe zile zinazopatikana. Dawa zikibadilishwa kliniki, na maandishi yabadilishwe.

Jumapili hii, au siku yoyote ambayo wa nyumbani mtakuwa pamoja, muulizeni mzee wenu, au mtoto wenu, au ninyi kwa ninyi: ukianguka mahali ambapo hakuna anayekujua, ungetaka wa kwanza kukuinua ajue nini? Mwacheni ajibu mwenyewe, kwa maneno yake. Yaandikeni kama alivyoyasema, kisha mtafute fundi.